Ndururu ya Mama na Kasha la Blanketi

Siku mama alipoikataa ndururu yake mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kochi la dada yangu kule Mwihoko, miguu imefunikwa leso, redio ikiongea peke yake. Nilikuwa nimetoka Thika na furaha yangu yote. Nilimwekea lile kasha mkononi, nikakaa kando yake kungoja anisifu. Akalipapasa juu, akalipapasa chini, akaligonga kwa kucha, kisha akanirudishia.

"Hii ni nini?"

"Ni ndururu yako, mami."

"Hii ni sabuni," akasema.

Dada yangu alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka, maana nina hasira za karibu, na hiyo sabuni ilikuwa imevuka bahari kwenda na kurudi. Nikamwambia mama ndururu iko ndani ya plastiki, imefungwa na wataalamu, hakuna vumbi wala jasho litakaloifikia tena. Aliugeuza uso upande wangu, yale macho yake yenye ukungu yakiangalia mahali karibu na sikio langu. "Wewe," akasema, "uliuza pesa yangu."

Ndururu, kwa ambaye hajaiona, ni ile senti tano ya zamani ya Afrika Mashariki, ya shaba, yenye tundu katikati, taji upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili. Ya mama alifungwa kiunoni na mama yake, yaani cucu wangu, asubuhi aliyotoka nyumbani akiwa msichana kwenda kuchuma kahawa kwenye estate moja upande wa Ruiru. "Hii si ya kununua kitu," cucu alimwambia. "Hii ni nauli ya kurudi nyumbani. Wakikushinda, unakuja." Walimshinda mara nyingi, mama mwenyewe hukiri, lakini hakurudi. Aliolewa, akatuzaa, akaendelea kubeba madebe ya kahawa mgongoni, pesa ya wakoloni ikaondolewa ikaja nyingine, na yeye bado ana nauli yake kiunoni. Tukiwa watoto tuliiona tu akioga.

Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama ya mama. Kwa hivyo mama huniita maitu, yaani mama yangu. Hakuna ajabu hapo, pita mtaani Kamenu asubuhi utamsikia mwanamke mzima akimkemea mtoto wa nasari, "Maitu, vaa viatu!" Ila mama yangu hilo jina hunipimia. Akifurahi nami, mimi ni maitu. Akinikasirikia, huniita wewe tu. Na siku hiyo ya sabuni nilikuwa wewe kutoka saa ya chai mpaka nilipoaga.

Jambo lenyewe halikuwa hasira tu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa dirisha. Baada ya kumbembeleza sana, mimi na dada, alikuwa amekubali kwenda kufanyiwa upasuaji Thika, tukaanza na jicho la kulia. Siku ilikuwa imepangwa. Sharti lake lilikuwa moja: aende na ndururu yake. "Siwezi kulala mbele ya visu bila nauli," alisema, na tukaona hilo ni dogo, tukakubali haraka. Sasa alikuwa amekunja mikono. Bila ndururu yake haendi, na hii sabuni si ndururu yake, basi haendi. Alisema hivyo kwa utulivu, tena huo ndio ulioniogopesha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa niiweke. Alikuwa amekonda, uzi ukawa unamkata ngozi, dada akaufungua siku moja akimwogesha. Mama akaniita, akanipa mkononi, akasema, "Niwekee mahali ambapo hakuna mtu ataigusa." Nilimtii kupita kiasi.

Mimi hushona sare za shule, nina duka dogo Kiganjo ya Thika, na vitambaa nilikuwa nikinunua kwa Haji mjini Thika. Ndururu nilikuwa nimeitia kwenye karatasi ya nailoni, nikaiweka kwenye droo ya cherehani. Baada ya miezi kadhaa nikaona imeanza kuota kitu cha kijani, kinanata. Nilijua Haji ana meza ya kioo karibu na kaunta yake, imejaa pesa za zamani, nikamwonyesha.

"Uliiweka wapi, mama?"

"Kwa nailoni."

"Astaghfirullahi! Ile laini ya kukunjika?" Alishika kichwa kana kwamba nimemwambia nimemweka mtoto kwenye friji. "Ile hutoa mafuta yake polepole. Itaila pesa yote uone tundu peke yake." Akaiosha kwa dawa yake, bila kuisugua, akanionya kama nikiipitishia majivu au ndimu nisikanyage tena dukani kwake. Halafu akanialika Ruiru Jumamosi, kwenye hoteli fulani ya chai, ambako watu wenye ugonjwa wa pesa za zamani kama wake hukutana.

Tulikuwa wanne. Haji mwenyewe. Mwalimu, mstaafu wa pale Ruiru, mtu wa tai hata Jumamosi. Na Fundi, aliyetoka magharibi ujana wake na kuingia kiwandani Thika, ambako alikuwa akitengeneza mashine. Nilidhani watabishana kuhusu sarafu. Kumbe walikuwa wakibishana kuhusu nyumba za sarafu! Chai inapoa, mandazi yanakauka, watu wazima wametoa macho kwa sababu ya plastiki.

Fundi alikuwa mtu wa kadibodi: vile vipande viwili vya mraba vyenye dirisha dogo la karatasi angavu, unaweka sarafu katikati, unapiga stepla pande zote. "Naandika kwa kadibodi nimeipata wapi, nani alinipa. Plastiki yenu inaandikwa wapi?" Haji alikuwa mtu wa vikasha vya mviringo vinavyofunguka, kwa sababu alisema pesa ni kitu cha mkono, na asiyeishika hana tofauti na mwenye picha yake. Mwalimu aliwaona wote washenzi. Yeye alitaka kasha gumu lililofungwa moja kwa moja na wakaguzi wa ng'ambo, wale wanaoikagua sarafu, wanaipa namba ya hali yake, wanaifungia na kikaratasi chake juu. Ukilifungua umelivunja, na ukilivunja namba imekufa.

Nilimuunga mkono Mwalimu siku hiyo hiyo. Mimi ni mtu wa kola iliyopigwa pasi. Kitu kikifungwa kifungwe. Lakini hata mimi na Mwalimu tulikuja kukosana. Ndani ya hayo makasha kuna mpira mweupe unaoishika sarafu isicheze, na uko wa aina mbili. Kuna wenye vijino vinne vinavyoishika sarafu kwa mbali, ukingo ukabaki wazi, na kuna ule unaoizunguka yote sawasawa. Ule wa kwanza tuliuita wa vidole, wa pili wa blanketi.

"Vidole," Mwalimu alisema. "Ukingo ni sehemu ya sarafu. Utanunuaje ng'ombe bila kuona kwato?"

"Vidole vinafanana na mtu anayekabwa koo," nikamjibu. "Blanketi inafanya shaba ing'ae. Inakaa kama kola nyeupe kwa sweta ya kahawia."

"Huyu ni fundi cherehani kweli," Haji akasema, na hilo likawa jina langu la utani kwa muda, Mama Kola.

Kwa hivyo Mwalimu alipokuwa akituma sarafu zake zikakaguliwe, nilimpa ndururu ya mama. Yeye pia alikuwa akituma ndururu moja. Aliniuliza tu, "Vidole au blanketi?" Nikasema blanketi, na nikajisikia mjuzi. Ziliporudi nilikaa nikiitazama yangu kaunta nzima ikiwa na wateja. Namba haikuwa kubwa, lakini ilikuwa namba, na ndururu ilikuwa imelala pale kwenye weupe wake, safi. Ai, niliipenda sana. Ndiyo nikaipeleka Mwihoko, na mnajua kilichotokea.

Nilimuuliza mama, nikijizuia, yake alikuwa akiijuaje.

"Ina alama."

"Alama gani? Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuuliza." Halafu, kwa vile hata akiwa amekasirika anapenda kusimulia, akanieleza. Pale kambini kwenye estate, wasichana wote walikuwa na ndururu au peni kiunoni, kila mmoja amefungwa na mama yake. Walioga pamoja kwenye mfereji wa kuoshea kahawa, nyuzi zimewekwa juu ya ukuta. Asubuhi moja wawili walipigana mpaka damu kwa sababu ya kuchukuliana pesa. Basi wakakata maneno: kila mmoja aisugue yake kwenye jiwe la mfereji mahali pake anapopajua mwenyewe, aweke jeraha dogo ukingoni. Wengine walisugua mara mbili, wengine tatu. "Mimi moja," mama akasema. "Ndogo. Kucha yangu inaingia tu."

Ukingoni. Niliangalia kasha langu. Ukingo wote ulikuwa ndani ya blanketi.

Nilirudi Thika, na njiani wazo lingine likaniingia, baya kuliko la kwanza. Ndururu mbili zilitumwa pamoja. Ya Mwalimu ilikuwa ya mwaka ule ule, rangi ile ile ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Je, kama ziliwekwa vibaya huko mbali? Je, kama ya mama ndiyo imelala kwenye kabati la Mwalimu, na nimembebea mama pesa ya mtu? Mama alisema si yake. Na mimi, mtoto wake, sikuwa na njia ya kujua kama anakosea. Nilikuwa nimechagua kasha linaloficha kitu pekee alichokijua.

Nilimpigia Mwalimu nikiwa sijafika hata mlangoni. Akachukua kioo chake cha kukuzia, nikamsikia akipumua.

"Naona ukingo," akasema. "Ni msafi. Sioni jeraha."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa pale vidole vimeshika."

"Na chini ya vidole?"

"Chini ya vidole ni Mungu anajua."

Jumamosi hiyo hatukuagiza hata mandazi. Niliwaeleza yote, mama haendi hospitali, siku inakaribia, na mimi ni mwizi. Haji hakupoteza wakati. "Vunja," akasema. Mwalimu akamwangalia kana kwamba amesema tuchome kanisa. Alisema namba itakufa, kasha haliungiki tena, na tena sarafu inaweza kukwaruzwa wakati wa kuvunja, tukaharibu kilichokuwa salama. Alisema kweli, kila neno. Fundi ndiye aliyepunguza sauti, akainama mezani.

"Haji ana ndururu kwa bakuli, zimejaa. Nipe moja. Napiga faili kidogo ukingoni, natia uzi, unampelekea mama. Atalala nayo hospitali, atapona, ataona. Nani ataumia?"

Sitadanganya, nilikaa na hilo wazo. Lilikuwa rahisi, na kasha langu lingebaki zima. Nilimwona Fundi akinitazama kwa huruma kabisa, si kwa ujanja. Lakini niliona pia kidole gumba cha mama kikizunguka ile pesa ya uongo, na nikajua hatadanganyika. Ameishi nayo ngozini muda mrefu kuliko alivyoishi na baba. Angejua mara moja, na hapo sasa ningekuwa mwizi kweli kweli, na asingelala mbele ya kisu chochote maisha yake yote.

"Hapana," nikasema. "Tunavunja. Na tunavunja mbele yake asikie."

"Na ikiwa si yake?" Mwalimu akauliza.

Nikamwangalia. Akalegeza tai. Ndururu yake ilikuwa na namba nzuri, alikuwa akijivunia hata kanisani. "Basi nitakuja na yangu," akasema kwa sauti ndogo. Mpaka leo mtu akimsema Mwalimu vibaya mbele yangu tutakosana.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa Mwihoko sisi watatu, mimi, Mwalimu na Fundi. Haji alikuwa na harusi. Mwalimu alikuwa amebeba kasha lake ndani ya soksi ya sufu, soksi ndani ya mfuko wa koti, na mkono juu ya mfuko. Dada yangu aliwatandikia kitambaa kipya mezani. Mama alisalimiwa, akaitikia vizuri, akauliza Fundi ni wa wapi, wakazungumza mvua ya kwao. Mimi hakuniuliza kitu. Nilipomsalimia alisema, "Na wewe uko?"

Fundi alilifunga kasha kwenye taulo, akaacha kona moja nje, akatoa plaisi mfukoni. Mwalimu akageuka akatazama ukutani.

Kwaa!

"Mnavunja nini?" mama akauliza.

"Sabuni," nikamwambia.

Aliinua kichwa. Fundi akabana kona ya pili, plastiki ikalia tena, akazipanua pande mbili taratibu kwa vidole vyake vinene, akanyanyua blanketi jeupe, na ndururu ikaniangukia kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Niliupeleka ukingo dirishani nikauzungusha. Sikuona kitu. Nikauzungusha tena. Mviringo mtupu.

Nikampa mama hivyo hivyo, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Aliishika kwa vidole viwili, akaanza kuipitishia kidole gumba ukingoni, polepole, macho amefumba kana kwamba yangemsumbua. Alizunguka yote. Alizunguka tena. Nikasikia nyuma yangu Mwalimu akitoa soksi mfukoni. Dada yangu alikuwa ameshika mlango wa jikoni bila kuingia wala kutoka. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumwomba mama msamaha, na bado nilikuwa nimekasirika, na sikujua kipi kingetangulia kutoka mdomoni.

"Uzi uko wapi?" mama akasema.

"Uzi gani?"

"Wewe unashona nguo za watu na hujui uzi? Pesa hii haikuwa hivi, ilikuwa inaning'inia."

Fundi cherehani hakosi uzi. Nilikuwa nao kwenye mkoba, ule mweusi wa sare, mnene. Nikaukata kwa meno, nikaupitisha kwenye tundu, mikono ikitetemeka hata nikakosa mara ya kwanza, kama mtu anayejifunza. Mama aliushika uzi kwa juu, akaiacha ndururu ining'inie, akaipeleka pembeni ya kiuno mahali ilipokuwa ikikaa. Hapo ndipo kidole gumba kilipoinuka kutoka chini, bila kutafuta, kikaenda moja kwa moja. Kucha ikasimama.

Halafu akairudisha kucha, ikasimama tena pale pale.

"Ni yenyewe," akasema.

"Leta kidole," akaniambia, akashika kidole changu akakiweka. Mwanzo sikuhisi kitu. Akakisukuma kidogo, na nikaihisi: kibonde kidogo sana, kimelainika na miaka, jicho haliwezi kukiona. Msichana fulani alikaa kwenye jiwe la mfereji akakisugua ili asiibiwe njia ya kurudi kwao.

"Maitu," mama akasema, "mbona unatetemeka? Una njaa?"

Nililia pale pale mbele ya wageni, bila aibu, nikacheka pia, makamasi na kila kitu. Mzigo niliokuwa nimebeba tangu siku ile ya sabuni ulishuka wote kwa mara moja, na sikujua ulikuwa mzito hivyo. Dada akasema Ngai, Mungu wangu, akaenda kuchemsha chai. Na Mwalimu, mtu wa tai, mtu aliyesahihisha Kiswahili cha kila mtu, alikuwa akilibusu kasha lake ndani ya soksi. "Imepona!" alikuwa akisema. "Yangu imepona!" Fundi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama aliomba alishike hilo kasha la Mwalimu, akaligonga kwa kucha, akalirudisha kwa heshima zote.

"Na hii pia ni sabuni," akasema. "Lakini ni yako, mwalimu, oga nayo."

Siku ya hospitali ilifika, na mama akaingia bila vita. Muuguzi alipokuwa akimwandaa aliuona uzi, akasema kitu cha chuma hakiingii huko, akauondoa. Nilidhani tunarudi mwanzo. Lakini muuguzi mwenyewe alikuwa na cucu yake nyumbani, ilionekana. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akaenda akauliza mtu, akarudi akaisafisha ndururu kwa dawa na kuibandika kiganjani kwa plasta. "Nauli ndiyo hii, shosh," akamwambia. "Ngumi usifungue." Mama hakuifungua. Waliniambia baadaye alikuwa mtulivu kuliko vijana.

Asubuhi iliyofuata walimtoa bandeji. Nilisimama mbele ya kitanda, gauni langu zuri nimevaa kwa sababu nilijua litaonekana. Mama alipepesa, jicho likatoa machozi, akapanguswa, akapepesa tena. Kisha likatulia juu yangu.

"Haiya," akasema. "Maitu, umezeeka."

"Ni wewe ulichelewa kuangalia, mami."

"Na hii nguo ulishona mwenyewe? Bega moja liko juu."

Nikajua ameona. Bega kweli lilikuwa juu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo bega kuliko nilivyowahi kumshukuru kwa kitu chochote.

Aliitoa ndururu kiganjani, plasta imening'inia, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama taji, akaigeuza akatazama pembe za ndovu, akaisogeza karibu na jicho. Hakuwa ameiona kwa miaka mingi. "Kumbe imechakaa hivi," akasema. "Nilikuwa nikifikiria inang'aa." Akaendelea kuitazama, halafu akaninyooshea.

"Irudishe kwa ile sabuni yako."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Wapi?"

"Ile nyumba ya plastiki. Sasa naona. Kitu ninachokiona sihitaji kukishikashika. Hapa kitapotea bure."

Ai, mama huyu! Nilishika reli ya kitanda. Nilicheka, kicheko kile kinachotaka kugeuka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka nami bila kujua kwa nini.

"Mami, niliivunja. Ile ikivunjwa mara moja imekwisha."

"Ile ya kwaa?"

"Ndiyo ile."

"Si ulisema ni ya ng'ambo? Ulivunja kitu kizuri hivyo kwa sababu gani?"

"Ili unijue," nikasema. "Ulikuwa huniamini."

Alinitazama. Jicho moja tu, jekundu bado, lakini lilinitazama mimi, si karibu na sikio, mimi mwenyewe, mpaka nikaangalia sakafu. Hakusema pole. Mama hajui kusema pole kwa watoto wake, na sikuitaka. Aliuchukua ule uzi mweusi uliokuwa juu ya kabati dogo, akautia mwenyewe kwenye tundu mara moja tu, bila kukosa, akajivuna kidogo nione. Kisha akashuka kitandani, akanipa mgongo, akainua blauzi kidogo na kunipitishia ncha mbili za uzi nyuma.

"Nifunge, maitu."

Nikafunga fundo lile la vifungo vya sare, mara mbili, nikaacha nafasi ya kidole ili lisimkate ngozi.

"Hii si ya kununua kitu," nikamwambia.

"Najua," akasema, akishusha blauzi. "Chukua mkoba wangu. Twende nyumbani."